Mwalimu Anajibu: Wateja wengi, simu moja

*Jambo Mwalimu. Nina depo ya unga na simenti hapa Katuba, Lubumbashi. Mtoto wa yaya yangu alinitengenezea daftari la wateja ndani ya kompyuta: jina, mtaa, simu, deni. Unga ulipofika kutoka Kasumbalesa nilitaka kuwatumia wateja ujumbe, nikakuta karibu nusu yao wana namba moja ya simu: 2147483647. Watu ambao hata hawajuani! Nimepiga, haiiti. Dada anayenisaidia kuuza amesema kuna mtu ametufanyia kitu, tuite mchungaji. Binti yangu, anayesoma sayansi mwaka wa tano wa sekondari, alicheka tu, akasema namba hiyo haigawanyiki kwa chochote, ndiyo maana kompyuta imekwama juu yake. Namba hii ni ya nani? Na binti yangu anasema kweli?*
— Mama wa Depo, Katuba

Mama wa Depo, jambo sana. Mchungaji aje kwa maombi mengine, hili tutalimaliza kwa kalamu. Namba hiyo si ya mtu yeyote. Na binti yako amesema mambo mawili kwa pumzi moja: la kwanza ni kweli tupu, la pili si kweli. Lakini tuanze na biashara, maana unga hausubiri.

Fungua tena daftari lako uwaangalie wale wateja ambao namba zao zimesalimika. Nabashiri kwamba uliwaandika kwa mtindo wa hapa nyumbani, sifuri mbele, na kwamba sifuri hiyo sasa haionekani: 099 imegeuka 99. Waliopotea ni wale ulioandika na 243 ya nchi mbele. Sivyo? Kijana wako alipotengeneza nafasi ya simu, aliiambia mashine kwamba humo kutakaa namba ya hesabu, ya kujumlisha na kutoa. Mashine ikatenga nafasi ya biti 32 kwa kila mteja; biti ni kijisehemu kinachoshika 0 au 1 tu. Sifuri ya mbele haina thamani katika hesabu, ikatupwa. Tarakimu tisa zilizobaki zikaenea. Lakini namba ya tarakimu 12 inayoanza na 243 ni zaidi ya bilioni 243, haienei humo hata kidogo. Zipo programu za kutunza kumbukumbu, hasa matoleo ya zamani, ambazo zikiletewa namba isiyoenea hazilalamiki. Huandika namba kubwa kuliko zote zinazoenea katika nafasi hiyo, kisha hunyamaza. Namba hiyo kubwa ni 2 147 483 647.

Mwambie kijana aibadilishe nafasi ya simu iwe ya maandishi, kama ilivyo ya jina. Ni nani aliyewahi kutafuta jumla ya simu za wateja wake? Zilizopotea hazirudi kutoka kwenye kompyuta. Zichukue ndani ya simu yako au kwenye daftari la karatasi, ambalo natumaini hukulichomea mbabula. Na umwambie aikague nafasi ya fedha pia. Kama ni ya aina ileile, siku jumla ya mauzo yako kwa franka itakapovuka bilioni mbili na kitu, nayo itakwama palepale, na hapo hutacheka.

Sasa twende kwenye utamu.

Kwa nini namba hiyo na si bilioni mbili kamili? Chukua mawe ya mizani ya kilo 1, 2, 4, 8 na 16, jiwe moja la kila aina. Kwa mawe hayo matano unapima uzito wowote wa kilo kamili kuanzia 1 hadi 31. Kilo 19, kwa mfano, ni 16 na 2 na 1. Ukiyapakia yote unapata 31, yaani 32 kasoro moja, na huwezi kuvuka hapo. Nafasi ya biti 32 ina mawe ya namna hiyo 31, kila moja likiwa mara mbili ya lililotangulia. Biti ya 32 inashika alama ya hasi au chanya. Pakia yote 31 na jumla inakuwa mbili thelathini na moja zilizozidishwa pamoja, ukitoa moja: 2³¹ − 1. Ndiyo hiyo 2 147 483 647.

Kwa hiyo mashine imekwama kwa sababu mawe yameisha. Kugawanyika hakuhusiki. Binti yako azitazame mashine nyingine. Nafasi ya biti 16 hukomea 32 767, na hiyo ni 7 × 31 × 151. Nafasi ya biti 64, ambayo kompyuta za leo zinaitumia sana, hukomea 9 223 372 036 854 775 807, na dubwana hilo lote linagawanyika kwa 7, tena ukipata jibu unaligawanya kwa 7 mara nyingine. Zote mbili zinakwama vilevile kama yako.

Kuna kanuni nyuma ya hilo. Kipeo, yaani ile namba ndogo ya juu, kikigawanyika, namba yake inagawanyika. 15 ni 3 × 5. Basi 2¹⁵ − 1 lazima igawanyike kwa 2³ − 1, ambayo ni 7, na kwa 2⁵ − 1, ambayo ni 31. 63 ni 3 × 21, kwa hiyo 7 imo tena. Kipeo chetu ni 31, nacho hakigawanyiki, ila kwa 1 na chenyewe. Hilo linatupa tumaini tu, halitoshi kuwa ushahidi. Kipeo 11 nacho hakigawanyiki, lakini 2¹¹ − 1 ni 2 047, na 2 047 ni 23 × 89.

Tunajuaje basi kwamba 2 147 483 647 ni namba tasa, namba isiyo na kigawanyo kingine ila 1 na yenyewe? Mwanafunzi mvumilivu atajaribu kila namba tasa hadi kwenye kipeuo chake cha pili, ambacho kinazidi 46 340 kidogo. Hana haja ya kuvuka hapo, maana kigawanyo kikubwa siku zote kinatembea na mwenzake mdogo. Hata hivyo zipo namba tasa zaidi ya elfu nne chini ya hapo. Kugawanya mara elfu nne kwa mkono, na kosa moja tu linaharibu kazi yote! Mimi singeanza.

Leonhard Euler, mzaliwa wa Basel huko Uswisi, aliimaliza kazi hiyo mwaka 1772, akiwa Saint Petersburg, umri umevuka miaka 60 na macho karibu hayaoni tena. Hakugawanya mara elfu nne. Alijiuliza kwanza: kigawanyo cha namba hii, kama kipo, kitakuwa na sura gani?

Hapa nataka binti yako akae vizuri. Tuseme kuna namba tasa, tuiite p, inayoigawanya 2³¹ − 1 bila baki. Anza na 1, zidisha kwa 2, zidisha tena kwa 2, na kila mara usibaki na namba yenyewe bali na baki yake ukigawanya kwa p. Kwa kuwa p inaigawanya 2³¹ − 1, baada ya hatua 31 baki inarudi kuwa 1, na safari inaanza upya. Haiwezi kuwa ilirudi mapema zaidi, kwa sababu mzunguko mfupi ungelazimika kuigawanya 31, na 31 haina kigawanyo cha kati. Upande mwingine, Pierre de Fermat, mwanasheria wa Toulouse aliyefanya hesabu kama wengine wanavyovua samaki, alikuwa amesema tangu karne ya 17 kwamba ukiwa na namba tasa p isiyo 2, baada ya hatua p − 1 baki lazima iwe 1. Mizunguko ya hatua 31 inapaswa kuenea kamili ndani ya hatua p − 1. Basi 31 inaigawanya p − 1. Na kwa kuwa p ni witiri, p − 1 ni shufwa, kwa hiyo hata 62 inaigawanya. Kigawanyo chochote cha namba yetu kitakuwa kizidisho cha 62 na moja juu.

Kama huniamini, rudi kwenye 2 047. Pale kipeo ni 11, kwa hiyo vigawanyo vinapaswa kuwa vizidisho vya 22 na moja juu. 23 ni 22 na moja. 89 ni 88 na moja. Mimi kila nikilitazama hilo nafurahi upya.

Euler hakuishia hapo. Kwa hoja nyingine, ambayo naiacha kwa sababu ingekula ukurasa wote huu, kigawanyo hicho kikigawanywa kwa 8 lazima kibakize 1 au 7. Ukiunganisha masharti mawili unapata hivi: kigawanye kwa 248, baki ni 1 au 63, basi. Andika orodha: 63, 249, 311, 497, 559, 745, 807, 993, 1 055, 1 241, 1 303... Futa zile ambazo zenyewe zinagawanyika. 63 inaondoka. 249 ni 3 × 83. 497 ni 7 × 71. 559 ni 13 × 43. 1 241 inadanganya macho, lakini ni 17 × 73. Mwishowe, kuanzia 3 hadi 1 300, kati ya namba tasa zote hizo, ni moja tu inayostahili kujaribiwa: 311.

Umeme ulikuwa umekatika mtaani kwetu nilipoandika jibu hili, kwa hiyo nimefanya kwa penseli. 2 147 483 647 kwa 311 ni 6 905 092, baki 35. Kwa 1 303, baki 226. Kwa 1 489, baki 199. Hadi ufike 46 340, orodha ya Euler ina namba 373, na nyingi kati ya hizo zinafutwa kama tulivyozifuta hapo juu. Zilizobaki ni kazi ya wiki kwa mtu mtulivu. Euler alizipitia, zote zikabakiza. Binti yako anasema kweli: namba hiyo ni tasa.

Na kabla hajafunga daftari, aigawanye kwa 3, kisha kwa 7, kwa 11, kwa 31, kwa 151 na kwa 331. Kila mara atapata baki 1. Maana yake ni kwamba jirani wa chini, 2 147 483 646, anagawanyika kwa hizo zote. Yeye ni 2 × 3 × 3 × 7 × 11 × 31 × 151 × 331, hakuna kilichobaki nje. Jirani wa juu, 2 147 483 648, ni mbili tupu, thelathini na moja. Katikati ya hao wawili wanaopasuka vipande vidogo vidogo amekaa huyu asiyepasuka kabisa.

*Mwalimu, nasikia mwaka 2038 kompyuta zote zitasimama. Rafiki yangu anasema ni kwa ajili ya namba fulani ya bilioni mbili. Ni habari za kweli au ni za mitandaoni?*
— Mwanafunzi, Kampemba

Ni kweli na zimetiwa chumvi. Kompyuta nyingi huhesabu muda kwa sekunde tangu tarehe 1 Januari 1970 ilipoanza kwa saa za Greenwich, wakati ambao kwetu Lubumbashi ulikuwa saa nane usiku. Zile zinazotunza hesabu hiyo katika biti 32 zitafika sekunde ya 2 147 483 647 siku ya Jumanne, tarehe 19 Januari 2038, saa kumi na moja na dakika 14 alfajiri kwa saa za hapa. Sekunde inayofuata hesabu inageuka kuwa hasi, na mashine kama hiyo itaamini kwamba ni tarehe 13 Desemba 1901, wakati mji wetu ulikuwa bado kuanzishwa; ulianzishwa 1910. Dawa yake inajulikana, ni biti 64, na kompyuta nyingi mpya tayari zinaitumia. Kwa sekunde, biti 64 zinatosha miaka bilioni 292. Wasiwasi wangu ni mashine za zamani zilizofichwa ndani ya mitambo, ambazo hakuna anayekumbuka nani aliziweka.

*Baba Mwalimu, heshima zako. Lakini tuseme ukweli: hizi namba ndefu zinaleta bukari mezani?*
— Msomaji wa Ruashi

Umechelewa kuuliza. Peter Barlow, Mwingereza, alikutangulia mwaka 1811. Yeye alikuwa akiandika juu ya namba timilifu, zile zinazolingana na jumla ya vigawanyo vyake vidogo, kama 6, ambayo ni 1 + 2 + 3, au 28. Kila namba tasa ya sura ya kwetu huzaa moja. Namba yetu ikizidishwa kwa 2³⁰ inazaa 2 305 843 008 139 952 128. Barlow alisema hiyo ndiyo kubwa kuliko zote zitakazopatikana milele, kwa kuwa namba hizi zinashangaza tu bila kufaa kitu, na hakuna atakayejisumbua kutafuta nyingine.

Watu walijisumbua. Mwaka 1876 Édouard Lucas wa Ufaransa alithibitisha kwamba 2¹²⁷ − 1, yenye tarakimu 39, ni tasa. Mwaka 1883 padri wa kijijini huko Urusi, Ivan Pervushin, alithibitisha 2⁶¹ − 1, ambayo mtawa Marin Mersenne alikuwa ameisahau katika orodha yake maarufu ya mwaka 1644. Huyo Mersenne ndiye namba hizi zimechukua jina lake, ingawa aliweka mbili zisizostahili na kuziacha tatu zinazostahili. Na Oktoba 2024 ikatangazwa 2¹³⁶²⁷⁹⁸⁴¹ − 1, yenye tarakimu zaidi ya milioni 41. Hata namba yetu watu waliifanya kipeo, wakauliza kama 2²¹⁴⁷⁴⁸³⁶⁴⁷ − 1 ni tasa. Hiyo ina tarakimu zaidi ya milioni 646, huwezi kuiandika, na bado tunajua kwamba inagawanyika kwa 295 257 526 626 031. Toa moja kwenye kigawanyo hicho, ugawanye kwa 2 147 483 647: unapata 137 490 kamili. Sheria ileile ya Euler.

Bukari? Sawa. Mchezo wa dadu ndani ya simu ya mtoto wako unahitaji namba zinazoonekana kama za bahati, na mashine haina bahati. Njia moja iliyotumika sana, ambayo Stephen Park na Keith Miller waliipigia debe mwaka 1988, ni hii: anza na namba yoyote kati ya 1 na 2 147 483 646, zidisha kwa 16 807, gawanya kwa 2 147 483 647, chukua baki, kisha rudia. Ukianza na 1 unapata 16 807, halafu 282 475 249, halafu 1 622 650 073, halafu 984 943 658. Inapita kila namba kuanzia 1 hadi 2 147 483 646, kila moja mara moja tu, ndipo inarudi mwanzo, na inaweza kufanya hivyo kwa sababu kigawanyo ni namba tasa na 16 807, ambayo ni 7⁵, imechaguliwa kwa makini. Leo kuna njia bora zaidi, na kwa siri za fedha usiitumie kamwe. Lakini kwa dadu za mtoto yatosha.

Zoezi la toleo hili. 2²⁹ − 1 ni 536 870 911. Kipeo 29 hakigawanyiki, lakini namba hii inagawanyika: ina vigawanyo tasa vitatu, hakuna hata kimoja kinachofika 3 000. Vitafuteni kwa njia ya Euler, mkianza kwa kujiuliza vitakuwa vizidisho vya nini na moja juu. Atakayeleta jibu bila kuonyesha hatua zake simsomi. Binti wa Mama wa Depo naye anaruhusiwa kushiriki.